Vidonge Visivyo na Maana

Kitengo cha Ushahidi kilikuwa na vyumba viwili, mashine ya nakala iliyokohoa kuliko wagonjwa, na wafanyakazi watatu ambao kwa miaka tisa hawakuwahi kumgusa mgonjwa hata mmoja. Na walijivunia hilo. Mgonjwa, kwa maoni ya Mkurugenzi, humvuruga mtu akili. Anakuja na watoto wake, na hadithi ya siku alipoanza kuumwa, na kabla hujashtuka huoni tena ushahidi, unaona mtu. Kwa hiyo wao walishughulika na makaratasi, na makaratasi yaliwaheshimu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wataalamu wa huku na kule wanajaribu dawa fulani, kila mmoja kwa wagonjwa wake, na kila mmoja anapata jibu lake. Mmoja anasema dawa inafaa, wa pili anasema inafaa kidogo, wa tatu anasema nusu ya wagonjwa wake walimpotea njiani na hajui waliko. Mtakwimu wa kitengo anazikusanya tafiti hizo zote, anaipima kila moja uzito wake, anazitia pamoja na kuzikoroga mpaka zitoe jibu moja. Kitaalamu huitwa uchambuzi jumuishi. Pale ofisini waliita kupika chungu.

Mpishi alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na ushee, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Nyumbani kwake mama mkwe alimwita Bwana Wastani. Jina hilo alilipata siku alipokwenda kuposa. Aliulizwa mbele ya ukoo mzima anampenda binti yao kiasi gani, naye, kwa kuwa hakupenda kusema asichoweza kukithibitisha, akajibu, "Zaidi ya wastani." Watu walivunjika mbavu. Mama mkwe peke yake hakucheka, akasema huyu angalau hatatudanganya, na posa ikapokelewa.

Mwaka ule alipewa vyungu viwili, vyote vya kifafa. Cha kwanza kilikuwa cha sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi, na humo ziliingia tafiti kumi na saba zenye maelfu ya wagonjwa. Cha pili kilikuwa cha vidonge vya kila siku, tafiti sita tu, nazo ndogo. Alipomaliza kukoroga, sindano ilikuwa imepunguza kuanguka kwa asilimia thelathini, na vidonge kwa asilimia ishirini na sita. Lakini jibu la takwimu halitembei peke yake, lina upana wake. Sindano ilisema thelathini, ila huenda ni kumi na tano, huenda ni arobaini na mbili. Vidonge, kwa uchache wa wagonjwa, vilitanuka zaidi: huenda vinapunguza kwa asilimia arobaini na saba, na huenda, kwa bahati mbaya sana, vinaongeza kwa asilimia tatu. Maana yake upana wa vidonge ulivuka sifuri kwa unywele.

Watu wa takwimu wana sheria yao. Jibu ambalo upana wake umeigusa sifuri wanasema halina maana kitakwimu. Ni msemo wa fani, kama fundi umeme anavyosema waya umekufa na asiitishe mazishi. Mtakwimu akaandika kama alivyofundishwa: "Athari ya vidonge haina maana kitakwimu, huenda kwa sababu wagonjwa waliopimwa walikuwa wachache."

Sentensi ile ikaenda kwa Katibu Muhtasi. Huyu alikuwa mwanamke nadhifu, mwepesi wa vidole, aliyeamini kwamba waraka wa kurasa mbili ni waraka usio na adabu. Waraka ulizidi kwa mistari minne, akashika kupogoa. Kwanza alikata kile kipande cha "huenda", kwa sababu ofisi haiwezi kuwa inahuendahuenda. Kisha neno "kitakwimu" likaning'inia peke yake kwenye mstari mpya, linachukiza macho, akalifuta. Kilichobaki kilikuwa safi: "Sindano ina maana. Vidonge havina maana. Vituo vyote vizingatie."

Ukarudishwa kwa mtakwimu aweke saini yake ndogo pembeni. Ilikuwa saa saba kasoro robo na tumbo lilikuwa linaunguruma. Alisoma, akahisi kitu kinamkwaruza mahali, akajiambia wenye kusoma wataelewa. Maneno hayo yameua watu wengi kuliko moto. Akatia saini, akaenda kula.

Jumatatu ya wiki iliyofuata alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe amekaa mbele ya cherehani na hashoni. Hilo peke yake lilikuwa habari. Mama huyu alikuwa fundi wa sare za shule, mjane, ameishi nao miaka sita, na chumba cha mbele kilikuwa chake kuanzia marobota ya vitambaa mpaka vifungo vilivyokuwa vinakanyagwa na kila mgeni. Kifafa kilimwanza ukubwani. Miaka minne nyuma alianguka juu ya pasi ya moto, na mkono wa kushoto ulibaki na kovu lenye ncha kama ya pasi yenyewe. Walimjaribu sindano, uso ukamvimba mpaka macho yakapotea, akalala siku mbili kama gunia. Wakamjaribu vidonge, viwili kwa siku. Tangu hapo hakuanguka hata mara moja, na aliyemwambia apumzike alijuta.

Siku hiyo alikuwa ametoka kliniki mikono mitupu. Nesi alimwambia, kwa huruma kabisa, kwamba vidonge vyake vimeonekana havina maana, na waraka umebandikwa ukutani, anayetaka asome. Achague sindano au arudi nyumbani. Alipoeleza habari za kuvimba uso, nesi alisema anamwelewa sana, lakini waraka ni waraka. Sasa vidonge vilivyobaki alikuwa amevipanga juu ya meza ya cherehani, viwili viwili, mistari kumi na mmoja.

"Miaka minne nimekaa hapa nashona," alisema, haangalii mtu. "Halafu mtu mmoja huko amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anasema havina maana. Hiyo ndiyo kazi mnayofanya huko kwenu, baba?"

"Hiyo ni idara nyingine, mama," alijibu Bwana Wastani.

Uongo ulimtoka laini kama mtu aliyezoea, na ndicho kilichomtisha. Jikoni, mkewe alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba jirani ana picha ya waraka ule kwenye simu, na kwamba saini ya pembeni inayofanana na mdudu aliyekanyagwa anaijua, maana iko hata kwenye cheti chao cha ndoa.

"Umemwambia mama ni idara nyingine," alisema. "Haya. Una siku kumi na moja za kuwa idara nyingine."

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi kabla ya chai. Mkurugenzi alikuwa daktari aliyeacha kutibu zamani sana, miwani yake iliishi kwenye paji la uso na haikuwahi kuonekana ikishuka machoni. Mtakwimu alimweleza kwa upole kwamba waraka umesema kisichosemwa na hesabu. Vyungu vile vilipikwa mbalimbali. Kimoja kupata alama ya "ina maana" na kingine kuikosa si ushahidi kwamba kimoja kimekishinda kingine. Ukitaka kujua kama sindano inavishinda vidonge, unatoa jibu moja kwenye jingine, kisha unautazama upana wa hiyo tofauti yenyewe. Hilo halijafanyika.

Mkurugenzi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

"Moja ina maana, nyingine haina," alisema. "Tofauti unayoitafuta ni ipi tena? Timu moja imeshinda, nyingine imetoka sare. Unataka kuniambia ziko sawa?"

"Hazijawahi kukutana, Daktari. Na moja imecheza mechi kumi na saba, nyingine sita."

"Basi hiyo ya mechi sita ijilaumu yenyewe."

Hata hivyo alikubali jambo lipelekwe kwenye Jopo la Dawa, litakalokaa Jumanne ijayo. Si kwamba alishawishika. Jopo lilikuwa na ajenda mbili tu, mojawapo ikiwa kufungua kikao, na bila ajenda tatu kikao hakihesabiki kuwa kikao.

Hesabu yenyewe haikumchukua muda wa kupoza chai. Kwanza alihakikisha hakuna utafiti ulioingia kwenye vyungu vyote viwili, maana huo ungeharibu mambo. Haukuwepo. Kisha akatoa, akaunganisha upana wa huku na wa huku, akagawanya. Jibu likatoka kweupe: hata kama sindano na vidonge vingekuwa na nguvu sawasawa, bahati peke yake ingeleta tofauti kama ile au kubwa zaidi mara sabini na nane katika kila mia. Kwa kifupi, hapakuwa na ushindi wowote. Alikaa akaitazama namba ile kwa furaha aliyoionea aibu, kwa sababu kazi yote hiyo ilitakiwa kufanywa kabla waraka haujatoka, na mwenye kutakiwa kuifanya alikuwa yeye.

Ijumaa aliona unga mweupe kwenye kisu cha jikoni. Mama mkwe alikuwa anavikata vidonge nusu nusu ili vifike mbali. Alimsihi avimeze vizima, akamweleza kwamba nusu dozi ni hatari, pengine kuliko kukosa kabisa.

"Vitu visivyo na maana," alijibu mama mkwe, "nusu na kizima vina tofauti gani?"

Mtakwimu aliuona mkono wa kulia wa mama mkwe unachezacheza kidogo alipokuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani, na uzi ulipita upande mara tatu kabla haujaingia. Mama mkwe naye aliona kwamba ameonwa. Akamwambia mwanga wa chumba kile ni mbovu, mume wa watu akanunue taa.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alikuwa anampima mtoto wa jirani sare. Alizungusha utepe kiunoni, akautazama, akauvua, akautupa kwenye kikapu cha mabaki bila kuandika kitu. Mtakwimu, aliyekuwa anapita na ndoo, alimuuliza mbona haandiki kipimo.

"Utepe huu umelegea. Unanipa sitini, nikirudia unanipa sitini na tano."

"Kwa hiyo huyu mtoto…"

"Umelegea utepe, Bwana Wastani. Sijasema mtoto hana kiuno."

Alisimama pale na ndoo yake mpaka maji yakamwagikia miguuni. Miaka saba ya chuo kikuu, na hakuna profesa aliyewahi kulisema jambo lile kwa maneno machache kiasi hicho. Vidonge vilipimwa kwa utepe uliolegea. Yeye, kwa saini yake, ametangaza kwamba mtoto hana kiuno. Siku mbili zilizobaki alizitumia kuandaa maelezo yake kwa Jopo, na aliyaandaa kwa mfano huo.

Jumanne Jopo likakaa. Walikuwa saba kwenye meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji, kalamu mpya na daftari ambalo hakuna aliyelifungua. Mwenyekiti alikuwa profesa mstaafu wa upasuaji, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyezoea kwamba akishakata kitu hakirudi. Mtakwimu alipewa dakika kumi. Alionyesha chungu cha sindano, akaonyesha chungu cha vidonge, akatoa mfano wa utepe, na watu wakacheka vizuri, hata Mkurugenzi. Akaonyesha tofauti kati ya vyungu viwili na upana wake mkubwa unaoikalia sifuri katikati kabisa. Akahitimisha kwamba tofauti kati ya sindano na vidonge haina maana kitakwimu, na kwamba haikuwa halali kuvitupa vidonge na kubakiza sindano. Mfamasia, mama wa makamo aliyekaa mwisho wa meza, alitikisa kichwa akikubali. Ilikuwa kama vile mambo yanakwenda.

Mwenyekiti akaweka viganja vyake mezani.

"Tuelewane. Wewe mwenyewe uliandika vidonge havina maana."

"Kitakwimu, Mwenyekiti."

"Sikuulizi vya wapi. Uliandika au hukuandika?"

"Niliandika."

"Na leo umetuthibitishia, kwa hesabu nzuri sana, kwamba tofauti kati ya vidonge na sindano haina maana."

"Ndiyo, lakini…"

"Basi kama vidonge havina maana, na sindano haitofautiani na vidonge, sindano nayo haina maana." Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, uso unang'aa. "Jamani, tumekuwa tukiwachoma watu sindano za bure. Kijana ametufumbua macho."

Watu wazima watano, wenye vyeti ukutani na wake zao wanaowaita daktari hata kitandani, walitikisa vichwa kuafiki. Mfamasia alijaribu kusema kitu, akaambiwa atapewa nafasi kwenye mengineyo. Mtakwimu alisimama mbele ya picha ya hesabu yake mwenyewe, hesabu isiyo na kosa hata la desimali, na aliona imegeuzwa kama shati, ndani nje. Alikuja kuokoa vidonge, sasa ameua na sindano. Alitaka kulia, na kwa sekunde chache alitaka kumpiga mtu mkubwa vile kwa chupa ya maji.

Alijaribu tena. Alisema kwamba sindano inapunguza kuanguka, hilo halina ubishi, liko kwenye chungu cha kwanza. Mwenyekiti akamwambia asichanganye vyungu, maana kama alivyoeleza mwenyewe vilipikwa mbalimbali. Kicheko kingine. Kisha Mwenyekiti akamgeukia Katibu Muhtasi, aliyekuwa anaandika muhtasari wa kikao, akamwamuru kwa ile sauti yake ya kukata: "Andika azimio. Dawa zote mbili zitolewe vituoni mara moja."

Jopo likaafiki, likahamia kwenye mengineyo, na mengineyo yakawa ni viti vya ukumbi kwamba vinaumiza mgongo.

Saa nane na nusu Katibu Muhtasi alikuwa kwenye mashine yake anaupiga waraka mpya. Mtakwimu alikaa kando, kichwa mikononi, anasubiri kuweka saini. Alikuwa anahesabu vidonge vilivyobaki nyumbani, vizima na nusu, wakati Katibu Muhtasi alipoacha kupiga na kuinamia daftari lake.

"Hili neno silipendi," alisema. "Zitolewe vituoni. Si ingekaa vizuri zaidi 'ziondolewe'?"

Mtakwimu aliinua kichwa. Alilitazama neno lile juu ya skrini, akaona kwamba lina milango miwili. Mwenyekiti alikuwa ametokea mlango wa nyuma: zitolewe, zichukuliwe, zipotee. Lakini nesi aliyesimama dirishani na foleni mbele yake, anayetoa dawa tangu asubuhi mpaka jioni, na ambaye kila siku ya kazi yake anasikia dawa ya huyu imetolewa, ya yule bado haijatolewa, yeye angeingilia mlango wa mbele. Zitolewe vituoni mara moja. Wapewe watu.

Mtakwimu alikuwa mtu wa kusahihisha nukta. Aliwahi kurudisha kadi ya mwaliko wa harusi kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa. Maisha yake yote aliamini kwamba neno lenye maana mbili ni uchafu wa kufagiliwa. Alikohoa kidogo.

"Andika kama Mwenyekiti alivyosema," alisema. "Sisi ni nani wa kumsahihisha?"

Katibu Muhtasi aliona ni kweli. Zaidi ya hapo, "zitolewe" lilikuwa fupi. Waraka ulitoka nusu ukurasa, mzuri mno, na saini ya mdudu pembeni.

Mpaka leo Jopo linaamini kwamba dawa zile mbili zilifutwa. Katika ripoti yake ya mwisho wa mwaka liliandika kwa fahari kwamba tangu dawa zitolewe vituoni, idadi ya wagonjwa wanaoanguka haikuongezeka hata kidogo, jambo linalothibitisha kwamba kweli hazikuwa na maana. Mwenyekiti alipewa ngao. Bohari kuu nayo, iliyousoma waraka kwa mlango wa mbele, ilifungua milango na kupeleka maboksi kila kituo, na mkuu wa bohari alisifiwa kwa utekelezaji wa haraka. Wote wawili walipiga picha pamoja.

Alhamisi ya wiki ile ile ya kikao, mtakwimu aliomba ruhusa akampeleka mama mkwe kliniki. Hakuwa amewahi kuingia humo. Alishangaa mabenchi yalivyo mafupi na watu walivyo wengi, na jinsi kila mtu alivyoshika kadi yake kifuani. Nesi alikuwa ameubandika waraka ule wa nusu ukurasa juu ya dirisha na kupigia mstari mwekundu neno "zitolewe". Mama mkwe alipofika alipewa vidonge vya miezi miwili. Nesi alicheka naye, akasema wakubwa wameona wenyewe. Mama mkwe alivitia vidonge kwenye mkoba, akaufunga, akaufungua, akavitazama, akaufunga tena. Akakaa kwenye benchi apumzike miguu. Macho ya mtakwimu yalimlowa, akajifanya anasoma ratiba ya chanjo.

Kwenye benchi lile lile alikaa fundi wa kuchomea mageti, mwanamume wa umri wake, mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko na upande mmoja wa uso umebabuka. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kukaa karibu na mtu dakika mbili bila kujua habari zake, alimuuliza yamempata wapi. Alianguka kazini, alisema, moto ukiwa mkononi. Jumamosi iliyopita. Mama mkwe akamwonyesha kovu lake la pasi, wakalinganisha kama watu wanaoonyeshana picha za wajukuu. Kisha, kwa sababu vidonge vilimpa moyo mkunjufu, alimwambia kwamba huyu hapa ni mkwe wake, anafanya kazi huko huko nyaraka zinakotoka, ila yeye ni idara nyingine.

Mtakwimu aligeuka kutoka kwenye ratiba ya chanjo.

"Si idara nyingine, mama," alisema. "Ule waraka wa kwanza ni mimi niliyeuandika. Na saini ni yangu."

Mama mkwe hakushtuka. Alisema saini ile anaijua, miaka minne mkwe anamsainia nayo kadi ya kliniki nyumbani, kama ndugu wa mgonjwa, alikuwa anangoja tu aone itamchukua siku ngapi. Fundi wa mageti ndiye aliyemtazama kwa muda mrefu. Hakuonekana na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na mwenye jibu baada ya kulitafuta sana.

"Ehe, bwana," aliuliza, "mliposema havina maana, mlikuwa na maana gani?"

Mtakwimu alifungua mdomo. Yalimjia yote: upana, sifuri, tafiti sita, kitakwimu. Akayaacha.

"Maana yake waliopimwa walikuwa wachache," alisema. "Tulikuwa hatujui."

"Hamjui kama vinasaidia?"

"Vilionekana vinasaidia. Hatukuwa na uhakika."

Fundi aliitikia kwa kichwa, polepole, kwa sababu ya shingo.

"Sasa si mngesema hamjui," alisema. "Mimi nilikuwa navyo vya wiki tatu kabatini. Mlisema havina maana, nikavitupa."

Dirishani nesi akaita namba yake. Fundi alisimama, akajaribu kuifikia kadi kwenye mfuko wa shati, na bandeji haikuingia. Akangoja. Mtakwimu akainuka, akaingiza vidole viwili mfukoni mwake, akaitoa, na kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kumkabidhi, akatembea naye mpaka dirishani akiwa ameishika.